Taka Zilizokwisha Kulipiwa Nauli

Ukitoka Orlando kuelekea bahari ya Atlantiki kwa barabara ya Beachline, kabla hujauacha mji utaona upande wa kaskazini minara miwili mikubwa ya zege, mipana chini na myembamba katikati.

"Pale ni Stanton, kaka," alisema mwenyeji wangu, kijana wa Malindi anayefanya kazi ya stoo katika hoteli moja mjini humo. "Kituo cha umeme. Na dampo la kaunti liko jirani yake. Taka nyingi za huku mwisho wake ni pale."

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kituo hicho kimekuwa kikipokea gesi kutoka dampo la Orange County. Taka zimefukiwa chini ya udongo, hewa haizifikii, bakteria wanazila taratibu na kutoa methani. Mabomba yanaikusanya na kuipeleka kwenye matanuri ya kituo. Hakuna anayewaharakisha bakteria. Mabaki ya chakula yaliyofukiwa mwaka huu yataendelea kutoa gesi kwa miaka mingi.

Mimi nilikuwa njiani kwenda mahali ambapo wahandisi wanataka kazi hiyohiyo imalizike kwa muda mfupi, bila udongo wala dampo, ndani ya chombo kitakachokuwa kinaelea kati ya dunia na sayari ya Mirihi.

Kituo cha Anga cha Kennedy kiko kwenye kisiwa cha Merritt, ng'ambo ya Indian River, ambao unaitwa mto lakini ni maji mapana ya chumvi yaliyotulia. Mwari walikuwa wamekaa juu ya nguzo karibu na daraja, kila mmoja na nguzo yake. Serikali ya Marekani ilipochukua ardhi hii kwa ajili ya roketi ilichukua kubwa kuliko mahitaji ya majengo, ili watu wakae mbali na hatari, na mwaka 1963 eneo hilo likawa pia hifadhi ya wanyama. Ni hekta 56,000 hivi. Mamba wanaota jua kwenye mitaro kandokando ya barabara za watumishi wa NASA, na madereva wa mabasi ya wageni hupunguza mwendo ili watu wapige picha. Kwa mbali sana, juu ya vichaka, unaliona jengo la VAB, ambamo roketi huunganishwa zikiwa zimesimama wima. Lina urefu wa mita 160. Kwa kuwa hakuna kitu kingine kirefu karibu yake, macho yanakudanganya kuwa umeshalikaribia, na gari linaendelea kwenda.

Tulianzia kwenye ukumbi wa chombo cha anga cha Atlantis. Chombo chenyewe kimetundikwa hewani, kimelazwa upande kwa pembe ya nyuzi 43.21, milango ya sehemu ya mizigo ikiwa wazi kama kilivyokuwa kikifanya kazi huko juu. Nilikaa muda mrefu kwenye vigae vya tumboni, vile vinavyokizuia kisiungue wakati wa kurudi. Kwa mbali ni veusi tu. Ukisogea unaona kila kigae kimechorwa namba yake kwa herufi ndogo, na kwamba weusi wake si mmoja: vingine vimefifia kuwa kijivu, vingine vina michirizi mieupe iliyovutwa kuelekea nyuma, alama za joto la mara nyingi. Chombo hiki kilikwenda na kurudi mara 33. Wageni wengi walikuwa wakipiga picha pua na mabawa. Mimi nilitazama ile sehemu ya mizigo iliyo wazi, kwa sababu ndiyo iliyonileta.

Atlantis ilitua mara ya mwisho tarehe 21 Julai 2011, ikiwa safari ya mwisho ya vyombo vya aina yake. Ilipokwenda ilibeba chakula na vipuri vya kituo cha kimataifa cha anga ndani ya kontena kubwa la Kiitalia liitwalo Raffaello. Iliporudi, Raffaello ilikuwa imejazwa zaidi ya tani mbili za vifaa vilivyoharibika na vitu ambavyo havikuhitajika tena. Mwenyeji wangu alipolisikia hilo alisimama.

"Yaani safari ya mwisho kabisa, na ndani wamerudisha taka?"

Ndivyo. Na waliokuwa kituoni walifurahi, maana nafasi kule ni ndogo. Kila kitu kinachofika angani kimefungwa ndani ya kingine: chakula ndani ya pakiti za plastiki na foili, pakiti ndani ya mifuko, mifuko ndani ya sponji ya kuzuia mtikisiko. Hakuna kufua nguo, kwa hiyo fulana na soksi huvaliwa mpaka zichoke, kisha hutupwa. Ongeza karatasi za kujifutia, taulo, glovu, utepe wa gundi, na kinyesi kilichofungwa kwenye vyombo vyake. NASA inakadiria kwamba wanaanga wanne huzalisha kama kilo 2,500 za taka kwa mwaka.

Tangu magari ya aina ya Atlantis yastaafu, sehemu kubwa ya mzigo huo hushindiliwa ndani ya vyombo vya mizigo kama Progress ya Warusi na Cygnus ya Wamarekani. Chombo kikishashushwa shehena yake hujazwa taka, hufungwa, huachiliwa, kisha huteketea kwa sehemu kubwa kinapoingia kwenye hewa ya dunia juu ya bahari ya Pasifiki ya Kusini. Julai 2022 ilijaribiwa njia nyingine: mfuko wenye kilo 78 hivi za taka ulisukumwa nje kupitia Bishop, chumba cha kituo hicho cha kutolea vitu nje, nao ukaenda kuungua wenyewe. Njia hizi zinafaa kwa sababu moja tu, kwamba dunia iko chini, kilomita 400 hivi, na hewa yake inafanya kazi ya tanuri bila malipo. Ukielekea Mirihi, tanuri hilo unaliacha nyuma. Mfuko utakaousukuma nje ya dirisha hautabaki njiani. Unao mwendo uleule wa chombo, utaendelea kusafiri ubavuni mwako. Safari ya kwenda, kukaa na kurudi ni ya miaka miwili hadi mitatu. Kwa makadirio yale ya NASA, hizo ni tani 5 mpaka 7 na nusu za uchafu katika nyumba isiyo na uani.

Basi la wageni linapita karibu na VAB kiasi kwamba huwezi kuiona yote kwa dirisha. Milango yake huchukua dakika 45 kufunguka. Kutoka hapo inaanza njia ya kokoto za mtoni, pana kuliko barabara kuu za kwetu, ambayo mtambo wa kutambaa hubebea roketi hadi uwanja wa kurushia kwa mwendo wa kilomita moja na nusu hivi kwa saa. Mtoto mdogo anatembea haraka kuliko huo. Tarehe 16 Novemba 2022 roketi ya Artemis I iliondoka uwanja wa 39B, uleule tuliouona kwa mbali ukiwa na minara yake ya kuzuia radi. Basi likageuka kuelekea jumba la Saturn V.

Hapa ndipo kiini cha makala hii kilipo. Saturn V, roketi ya aina ile iliyowapeleka watu mwezini, imelazwa ndani ya jumba, urefu wake mita 110. Unaingia kwa upande wa injini. Ziko tano, na mdomo wa kila moja una upana wa karibu mita nne. Watu watatu wakisimama mmoja juu ya mabega ya mwingine hawatauzidi kwa mengi. Ndani ya mdomo inaonekana mishono ya mabomba membamba yaliyolazwa sambamba, mamia kwa mamia. Injini hizo zilikuwa zinachoma mafuta ya taa yaliyosafishwa na oksijeni ya kimiminika, takriban tani 13 kwa sekunde zikiwa zote tano zimewaka.

Kisha unatembea. Unapita hatua ya kwanza, unapita ya pili, unapita ya tatu, matangi matupu juu ya kichwa chako, na mwisho kabisa, ukiwa umeshachoka shingo, unafika kwenye kichwa kidogo chenye umbo la pia ambamo watu watatu walikaa. Roketi iliyojaa ilikuwa na uzito wa karibu tani 3,000. Zilizoelekea mwezini ni tani 45 hivi. Kilichotua baharini na watu ndani yake ni tani tano.

Nilitembea urefu huo mara mbili ili mwili uelewe hesabu hiyo. Karibu kila kilo ya chuma na mafuta niliyoipita ilikuwepo kwa ajili ya kuinua kilo chache zilizo mbele. Pakiti ya chakula inayofika huko imelipiwa nauli hiyo. Soksi imelipiwa. Ukishaila supu, ile plastiki iliyobaki mkononi imesafiri kwa gharama ileile ya supu, na ndani yake bado mna kaboni na hidrojeni, vitu ambavyo msafiri wa mbali hana duka la kuvinunua. Kuiita taka na kuitafutia njia ya kuitupa ni kupoteza mali ya thamani. Hilo ndilo nililokwenda kulitazama Florida, na sijapata mahali panapolieleza vizuri kuliko kutembea kando ya ile roketi kutoka mkia hadi kichwa.

Zamani wanaanga hawakuwa na la kufanya. Picha ya kwanza aliyoipiga Neil Armstrong akiwa amesimama juu ya mwezi, Julai 1969, inaonyesha mfuko mweupe wa taka uliotupwa chini ya chombo chao. Uko mbele kabisa, juu ya vumbi ambalo mguu wa mwanadamu ulikuwa umelikanyaga dakika chache tu kabla. Mifuko ya namna hiyo bado iko kule, pamoja na ya kinyesi, kutoka safari zote sita zilizotua.

Maabara inayoshughulika na jambo hili iko ndani ya eneo hilihili la Kennedy, lakini basi la wageni haliendi huko na sikuingia. Kazi yake imeandikwa wazi, hivyo naweza kuieleza. Mtambo wao unaitwa OSCAR, na kiongozi wa mradi alikuwa Annie Meier, mhandisi wa kemia wa NASA. Mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa watu sita waliokaa siku 120 ndani ya kuba moja kwenye miteremko ya volkano ya Mauna Loa, Hawaii, wakiishi kama wakazi wa Mirihi. Mtu aliyekaa muda huo na mapipa yake mwenyewe hahitaji kuhubiriwa juu ya taka.

Ndani ya OSCAR, vipande vya taka vinaingizwa kwenye tanuri dogo lililofungwa, joto linafikishwa mamia ya nyuzi za Selsiasi, kisha oksijeni na mvuke vinapulizwa humo. Plastiki, pamba na mabaki ya chakula vinavunjika. Kinachotoka ni mchanganyiko wa kaboni monoksidi, kaboni dioksidi, hidrojeni, methani na mvuke wa maji, na majivu kidogo. Kiwango cha oksijeni ndicho kinachoamua: ukiijaza, kila kitu kinaungua na kuwa kaboni dioksidi na maji, ukiibana, unapata gesi zinazowaka zaidi.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kusema mbona tanuri la kuchomea taka hospitalini hufanya hivyohivyo. Tofauti ni moto wenyewe. Hapa duniani hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na nafasi yake inachukuliwa na hewa mpya inayoingia kutoka chini. Ndiyo maana ulimi wa mshumaa umechongoka. Pasipo uzito hakuna juu wala chini. Hewa ya moto haipandi, mwali unakuwa mviringo na kujizungushia moshi wake mwenyewe, na mara nyingine hujizima kwa kukosa oksijeni. Majivu nayo hayaanguki. Yanaelea palepale yalipo na kuifunika taka ambayo haijaungua. Kila kitu ambacho mjenzi wa tanuri huku chini anakipata bure, mjenzi wa OSCAR anapaswa kukisukuma kwa nguvu: oksijeni, gesi, hata majivu.

Kwa hiyo mtambo ulipelekwa kwanza Cleveland, Ohio, ambako NASA ina shimo la kudondoshea vitu lenye mwanguko wa mita 132. Kifaa kinaachiwa, kinaanguka, na kwa sekunde tano na kidogo vilivyomo ndani havina uzito. Sekunde tano! Taka inaingizwa, inashika moto, kamera zinarekodi, kisha yote yanaishia kwenye rundo la chembe laini chini ya shimo. Baadaye, tarehe 11 Desemba 2019, OSCAR ilipanda roketi ya New Shepard ya kampuni ya Blue Origin kule Texas ya magharibi, ambayo haiizunguki dunia bali hupanda na kushuka. Safari ya namna hiyo hutoa kama dakika tatu za kuelea. Kwa aliyezoea sekunde tano, dakika tatu ni nyingi.

Gesi zikishapatikana, kila moja ina mteja. Methani ni mafuta ya roketi: injini mpya kama Raptor ya SpaceX na BE-4 ya Blue Origin zinachoma methani na oksijeni. Maji yananywewa, au yanatenganishwa kwa umeme kuwa oksijeni ya kupumua na hidrojeni. Kaboni dioksidi inaweza kupewa mimea, au ikachanganywa na hidrojeni kwa njia aliyoigundua Mfaransa Paul Sabatier, mshindi wa Nobel ya kemia ya mwaka 1912, ikatoa methani na maji zaidi. Mtambo wa Sabatier uliwahi kufungwa kwenye kituo cha anga mwaka 2010. Maji yake yalichukuliwa, lakini methani yote ikamwagwa nje, kwa kuwa pale haikuwa na kazi. Hata gesi chafu isiyochambuliwa ina faida. Ukiitoa kwa kasi kupitia tundu dogo inakisukuma chombo, na msukumo mdogo ndio unaotosha kurekebisha njia.

Kuna hoja dhidi yake, na ni nzito. Tanuri linakula oksijeni na umeme, vyote vya shida huko. Wenzao wa kituo cha NASA cha Ames, California, wanapendelea njia nyingine: taka zinapashwa moto na kushindiliwa kwa pamoja, maji yanakamuliwa, plastiki inayeyuka na kuyashika mengine, na kinachotoka ni kigae kigumu cha mraba. Vigae hivyo vinaweza kupangwa kwenye kuta za chombo, kwa sababu plastiki yenye hidrojeni nyingi husaidia kuzuia mionzi. Nimezipima hoja zote mbili. Kwa chombo kilicho njiani naona kigae kina nguvu, kwani ulinzi dhidi ya mionzi unahitajika tangu siku ya kwanza. Kwa kambi ya mwezini au Mirihi, ambako watu watakaa, taka zitazidi kuta. Hapo gesi inashinda, maana mahitaji ya maji, hewa na mafuta hayana mwisho.

Maji yametangulia mbali. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba kituo cha anga kimefikia kurudisha asilimia 98 ya maji, mkojo na jasho vikiwemo. Wanaanga wanakunywa jasho la jana na hakuna anayeona ajabu tena. Taka ngumu ndizo zilizoachwa nyuma, na ndiyo sababu Septemba 2024 NASA ilitangaza shindano la LunaRecycle, zawadi zake zikifikia dola milioni 3, kwa yeyote mwenye njia ya kutumia tena taka za mwezini.

Tulikula chakula cha mchana nje, karibu na bustani ya roketi. Mwenyeji wangu alinisimulia kwamba baba yake alikuwa akiwaeleza wao watoto habari za roketi zilizokuwa zikirushwa baharini kwao, kwenye majukwaa ya San Marco ya Waitalia karibu na Malindi. Ni kweli tupu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya NASA ya kupima mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka pale, ikapewa jina Uhuru. Wavuvi wa Ngomeni waliona kwa macho yao kitu ambacho wageni wa Florida wanalipa kiingilio kusimuliwa.

"Lakini shuleni hatukufundishwa," alisema. "Mimi nimekuja kuvisoma vibao vya wenzetu."

Hilo ningependa walimu wa kemia wa Malindi, Mwanza na kwingineko walisikie. Kinachofanywa na OSCAR ni somo la sekondari: kaboni, hidrojeni, oksijeni, joto. Pipa la shule lina malighafi yote. Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi yaliyomo katika pakiti tupu ya biskuti, awaambie ingegharimu nini kuifikisha Mirihi, kisha awaulize wangeifanyia nini. Na msomaji utakayebahatika kufika Kennedy, ukishamaliza kupiga picha injini, mwendee mmoja wa watumishi wanaojibu maswali ya wageni umuulize taka za wanaanga zinakwenda wapi. Mpaka leo jibu kwa sehemu kubwa ni lilelile: zinaunguzwa angani juu ya Pasifiki, pamoja na chombo kilichozibeba.